Jiwe la Nyanya: Je, Ukweli Unaouma Usemwe?



Leo naomba tukae na swali moja ambalo limenisumbua tangu likizo ya Desemba. Ukijua ukweli ambao utamuumiza mtu unayempenda, je, ni upendo kunyamaza? Najua wengi mna jibu tayari. Mimi pia nilikuwa nalo. Hebu kwanza niwape kisa, na kisa chenyewe kinaanza na jiwe.

Nyanya yangu, mama yake mama, anaishi upande wa Kenya wa Mlima Elgon. Sebuleni kwake kuna meza ndogo ya sala: sanamu ya Mama Maria, Rozari mbili, chupa ya maji ya baraka, na jiwe. Jiwe lenyewe ni kama nusu ya ngumi, jeusi, upande mmoja limemeguka. Tangu utotoni tulikatazwa kuligusa. Tuliambiwa tu kwamba ni "jiwe la Mbale", kwamba lilitoka mbinguni, na kwamba lilikuwa la marehemu mjomba.

Desemba hii, siku ya pili tangu nifike, nyanya aliniita akaliweka mkononi mwangu.

"Wewe si unasomea mawe huko chuoni?"

"Ndiyo, nyanya."

"Basi niangalizie hili. Nataka kujua kabla sijafa."

Nilimwambia anipe siku mbili. Kabla sijasema nilichokiona, inabidi tuvuke mpaka kidogo, twende Mbale.

Ijumaa ile ya Agosti

Ilikuwa Ijumaa tarehe 14 Agosti 1992, saa 9:40 alasiri, mkesha wa sherehe ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni. Watu wa Mbale, mashariki mwa Uganda, walisikia mlipuko na ngurumo kutoka angani, kisha mawe yakaanza kuanguka. Yaliangukia mashamba, nyumba na mji. Kipande kimoja cha gramu 3.6 kilipita kwenye mgomba, kikapunguza kasi, kikampiga mvulana kichwani. Mtoto hakuumia. Ni mmoja wa watu wachache sana duniani ambao tunajua waliguswa na kimondo kikianguka, na aliyemkinga ni mgomba!

Wengi mnakijua Kimondo cha Mbozi kule Songwe, Tanzania, kile cha tani zipatazo 16. Kile ni chuma, na ni pande moja kubwa. Cha Mbale kilikuwa cha mawe yenye chembechembe za chuma ndani yake, na kilipasuka angani kabla ya kufika chini. Ndiyo maana hapakuwa na kimondo kimoja cha kwenda kukitazama. Kulikuwa na vipande, na vipande hivyo vilitawanyika kwenye eneo la kilomita 3 kwa 7 hivi.

Muda mfupi baadaye, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao wa chama cha watazamaji wa vimondo cha Uholanzi walianza kazi ambayo ukiisikia unaweza kudhani ni ya watoto: kuokota mawe na kuuliza maswali. Uliona nini? Ulikuwa umesimama wapi? Sauti ilitoka upande gani? Jiwe lako liliangukia wapi hasa, nionyeshe shimo. Katika awamu ya kwanza walipata sehemu 48 ambapo mawe yalitua. Hawakuishia hapo. Kufikia Oktoba 1993 walikuwa na orodha ya vipande 863, kuanzia vijiwe vidogo sana hadi kile kikubwa kuliko vyote, kilo 27.4.

Kwa nini ujisumbue na shimo, si jiwe unalo mkononi? Hapa ndipo penye utamu wa elimu hii. Kimondo kinapopasuka angani, hewa huvizuia vipande vidogo haraka, vikaanguka karibu. Vile vizito husonga mbele zaidi kabla ya kutua. Kwa hiyo ukichora kila kipande mahali pake na uzito wake, ramani inapata umbo la yai, vidogo upande mmoja na vikubwa upande wa pili. Kutoka kwenye ramani hiyo unaweza kujua kimondo kilitokea upande gani na kilikatikaje. Jiwe moja haliwezi kukuambia hayo. Na jiwe lililohamishwa bila mtu kusema lilipookotwa limepoteza nusu ya ushuhuda wake, hata kama ni zuri kiasi gani.

Kisha kuna haraka. Mbale ni nchi ya mvua. Chuma kilichomo ndani ya mawe kinashika kutu, mashimo yanajaa udongo, watu wanasahau. Usipokusanya mapema, mengine hayapatikani tena.

Walioambiwa wanaota

Kazi hii ya kuchora ramani ya mawe yaliyoanguka ina historia, na historia hiyo imenifunza zaidi ya fizikia. Hadi mwishoni mwa karne ya 18, wasomi wengi wa Ulaya hawakukubali kwamba mawe huanguka kutoka angani. Wakulima walisema wameona. Wasomi wakasema hao ni watu wa vijijini, wameona radi ikipiga mwamba, au wanaota tu. Mjerumani mmoja, Ernst Chladni, alipoandika mwaka 1794 kwamba mawe haya yanatoka nje kabisa ya dunia, wengi walimcheka.

Tarehe 26 Aprili 1803 mawe yapatayo 3,000 yalianguka karibu na mji wa L'Aigle huko Ufaransa. Serikali ikamtuma kijana wa miaka 29, Jean-Baptiste Biot, akachunguze. Kijana huyu alikuwa msomi wa kiwango cha juu, lakini hakwenda kuwafundisha wanakijiji. Alitembea kijiji hadi kijiji akiuliza na kusikiliza. Alilinganisha maneno ya watu ambao hawakuwa na nafasi ya kupatana waseme uongo mmoja. Alichora mahali mawe yalipoangukia, na umbo likatokea kwenye karatasi. Ripoti yake ndiyo iliyowafanya wasomi wengi wakubali. Yaani wakulima walikuwa wakisema kweli muda wote ule. Kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza kwa heshima na kuandika walichosema.

Nasema haya kwa sababu wapo vijana Wakatoliki wanaodhani elimu ya namna hii inapingana na imani. Kanisa lenyewe lina mkusanyiko wa vimondo kule Castel Gandolfo, kwenye kituo cha anga cha Vatikano, zaidi ya vipande 1,000. Aliyevitunza kwa miaka mingi ni Bruda Guy Consolmagno, Mjesuti, ambaye kabla ya kuingia utawani alifundisha hapa kwetu Kenya katika miaka ya 1980. Msiogope kuuliza maswali ya dunia hii. Aliyeiumba si mwingine.

Mkusanyiko mwingine

Sasa tufike pale panapouma. Wakati wataalamu wanakusanya mawe ili wayapime, kulikuwa na watu wengine Mbale waliokuwa wakiyakusanya kwa sababu tofauti kabisa. Habari zilienea kwamba mawe yale ametuma Mungu, na kwamba ni dawa ya UKIMWI. Watu waliyasaga, wakanywa.

Najua ukisoma hivyo unataka kucheka kidogo. Usicheke. Kumbuka ni mwaka 1992. Dawa za kupunguza makali ya virusi ambazo leo zinawawezesha ndugu zetu kuishi, kuoa na kulea watoto wao, hazikuwepo kwa mtu wa kawaida. Ugonjwa ulikuwa unamaliza nyumba nzima, na watu waliogopa hata kuutaja. Halafu siku moja, mkesha wa sikukuu ya Mama Maria, mbingu inanguruma na kitu kinaanguka shambani kwako. Wewe ungefikiri nini? Na kama unadhani hayo ni mambo ya zamani, kumbuka foleni za magari kuelekea Loliondo mwaka 2011, watu wakifuata kikombe. Mwenye maumivu hutafuta.

Mjomba wangu alikuwa akiuza mitumba Mbale.

Nilichokiona

Nililikagua lile jiwe usiku, nikiwa na sumaku niliyotoa kwenye spika iliyokufa na tochi ya simu. Mawe ya kimondo kama ya Mbale yana ganda jembamba la nje lililoungua kwa joto la hewa. Hili halikuwa nalo. Ukitazama pale palipomeguka, unapaswa kuona punje za chuma zinazometa. Hazikuwepo. Sumaku haikushika. Na lilikuwa na vitundu vidogo vidogo kama mkate, ambavyo ni alama ya mwamba wa volkano. Mlima Elgon ni volkano ya kale. Jiwe la mbinguni lililokaa na Mama Maria kwa zaidi ya miaka 30 lilikuwa jiwe la mlima wetu huu huu. Mtu alimuuzia mjomba jiwe la njiani.

Nitakuwa mkweli kwenu, jambo la kwanza lililonijia ni majivuno. Nimejua! Nilishika simu nipige picha niwatumie wenzangu wa darasani, tucheke kidogo. Nikajisikia aibu, nikaiweka chini. Jambo la pili lililonijia lilionekana zuri zaidi: nitamwambia nyanya kwamba sina hakika. Amebakiza miaka mingapi? Jiwe linamfariji. Mwache na faraja yake. Nililala nikijiona mtu wa huruma.

Asubuhi sikuwa na amani. Amri ya nane nimeijua tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Mtakatifu Augustino alishikilia kwamba uongo haufai hata ukiwa na nia njema. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikubaliana naye, ila akasema mtu anaweza kwa busara kuuficha ukweli bila kusema uongo. Na Katekisimu, katika namba 2488 na 2489, inatufundisha kwamba si kila ukweli ni lazima usemwe kwa kila anayeuliza. Inatutaka tupime, na kipimo chenyewe ni upendo na heshima kwa ukweli, vyote viwili kwa pamoja.

Sasa, "sina hakika" ingekuwa uongo mtupu, maana hakika nilikuwa nayo. Kunyamaza je? Pale ndipo nikamkumbuka yule kijana wa L'Aigle. Mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba jiwe linamfariji nyanya. Nani aliniambia? Hakuna. Nililipima jiwe pande zote, lakini shahidi sikumuuliza hata swali moja.

Shahidi

Nikaketi naye jikoni akichambua mboga. "Nyanya, kabla sijakujibu, niambie wewe kwanza. Jiwe hili lilifikaje hapa?"

Akanisimulia. Mjomba alianza kukonda mwaka 1991. Mwezi mmoja baada ya mawe kuanguka alirudi nyumbani na jiwe lililofungwa kwenye kitambaa. Alikuwa amelinunua kwa pesa ya mzigo mzima wa mitumba. Nyanya mwenyewe ndiye aliyelisaga, kidogo kidogo, kwenye jiwe la kusagia wimbi. Kila asubuhi baada ya sala alimpa mwanawe kijiko kimoja kwenye maji. Mjomba alifariki kabla ya Pasaka ya 1993, na nusu ya jiwe ikabaki.

Kisha akasema neno ambalo sikulitarajia.

"Tulisikia wengine wamepona. Mungu alileta dawa mpaka mlangoni, kwa mwanangu ikakataa. Nikajua kuna dhambi yangu. Miaka yote hii naungama dhambi nisiyoijua."

Vijana wenzangu, nilikuwa tayari kumwachia hayo. Kwa jina la huruma nilikuwa tayari kumwacha mama huyu afe akiamini kwamba Mungu alimnyima mtoto wake kwa ajili yake.

Nikamwambia. Nilimwambia polepole, nikimwonyesha vile vitundu, nikampa na jiwe lingine la kutoka uani alilinganishe mwenyewe. "Nyanya, hili halikutoka juu. Ni la mlima huu."

Akanyamaza muda mrefu. "Na yale ya kweli?"

"Hata yale ya kweli hayakumponya mtu. Ni mawe, nyanya. Ya kale sana, yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 4, lakini ni mawe."

"Kwa hiyo Mungu hakumnyima."

"Hakumnyima, nyanya."

Akalia. Nami nikalia. Baadaye akajifuta kwa leso, akasema, "Kumbe ni mwizi tu. Afadhali mwizi."

Vikapu kumi na viwili

Siwaambii kwamba ukweli huisha hivi kila mara. Kuna ukweli unaoumiza tu, na kuna ukweli ambao si wangu kuusema. Kama nyanya asingeuliza, sijui kama ningekuwa na haki ya kulichukua jiwe lake na kulipima. Lakini aliuliza, tena alisema kabla sijafa. Mtu akikuuliza hivyo, ana kiu.

Nimejifunza kwamba swali letu la mwanzo lilikuwa na kasoro. Tunauliza, "niseme au ninyamaze?", kana kwamba tayari tunajua ndani ya moyo wa mwenzetu mna nini. Wakusanyaji wa Mbale hawakuchora ramani wakiwa wamekaa ofisini. Waliingia kwenye mashamba ya watu. Waliandika jiwe lilipoangukia, hata kama wangependa liwe limeangukia kwingine, na cha gramu chache kiliingia kwenye orodha ileile ya cha kilo 27. Upendo nao una kazi hiyo ya mguu: kwenda, kuuliza, kusikiliza mpaka mwisho, halafu ndipo kusema.

Injili ya Yohane, sura ya 6, inatuambia kwamba baada ya umati kushiba, Yesu aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, pasipotee kitu. Vikajaa vikapu kumi na viwili. Aliyeweza kuzidisha mikate angeweza kuviacha vile vipande nyasini. Hakuviacha. Na katika njia ya Emau, Luka sura ya 24, Yeye aliyejua yote yaliyotokea Yerusalemu aliwauliza kwanza wale wawili wamsimulie. Aliwasikiliza hadi mwisho, pamoja na makosa yao, kabla ya kuwafafanulia Maandiko. Kama Bwana aliuliza kwanza, mimi ni nani nisiulize?

Jiwe bado lipo kwa nyanya. Ameliondoa kwenye meza ya sala, ameliweka chini ya picha ya mjomba. Alinitaka niliandikie kikaratasi kama tunavyofanya chuoni, nami nikaandika: jiwe la volkano, Mlima Elgon, lilinunuliwa Mbale mwaka 1992, na jina la mjomba kama mwenye jiwe. Nyanya akakisoma, akasema niongeze kwamba alisagiwa na mama yake. Nikaongeza. Jumapili iliyofuata tuliomba Misa kwa ajili yake, na nyanya akaenda kupokea bila kukaa kwanza kwenye foleni ya kitubio, jambo ambalo sikumbuki kuliona maishani mwangu.

Wiki hii, mtafute mtu mmoja nyumbani kwenu ambaye mmeamua kwa niaba yake kwamba "tusimwambie, ataumia". Usikimbilie kumwambia. Muulize tu kisa chake, kisha umsikilize.

Tuombe: Bwana Yesu, Wewe ndiwe Kweli na ndiwe Upendo. Utufundishe kuuliza kabla ya kuhukumu, na kusema kweli bila kiburi. Wapokee marehemu wetu waliokufa wakitafuta dawa, na uwafariji waliobaki wakijilaumu. Mama Maria uliyepalizwa mbinguni, utuombee. Amina.

Mungu awabariki, tukutane wiki ijayo.